Kuanza na Gitaa la Sinthesaiza: Mwongozo Kamili, Kuanzia Pikapu Hadi Noti Safi

Malalamiko ya wanaoanza na gitaa la sinthesaiza, yaani gitaa linalotoa sauti za ala nyingine kupitia mashine, ni yaleyale. Mtu amefunga kila kitu, amechagua sauti ya fidla, amepiga kodi ya G, na kinachotoka ni noti nne sahihi, moja ya ajabu isiyokuwepo kwenye kodi, na nyingine inayoendelea kulia wakati mkono umeshainuka. Anajaribu sauti ya piano, hali inazidi kuwa mbaya. Anaamua kifaa ni kibovu na kukirudisha kwenye boksi.

Mara nyingi kifaa ni kizima. Kinachoharibu ni hatua tatu ambazo watu huziruka kwa haraka ya kusikia sauti mpya: nafasi kati ya nyuzi na pikapu (kihisi kinachosikia mtikisiko wake), usikivu wa kila uzi, na usafi wa mikono. Hizo ndizo nitakazozikalia zaidi. Zinazobaki ni nyepesi na tutazipita upesi.

## Kwanza, jua uko njia ipi

Kuna njia tatu za kupata sauti za sinthesaiza kwa gitaa, na watu wengi hununua vifaa vya njia moja huku wakitarajia matokeo ya nyingine.

Pedali ya kawaida. Vifaa kama Boss SY-1 na SY-200 hupokea kebo ya kawaida ya gitaa. Hakuna pikapu maalumu. Vinaisuka upya sauti ya gitaa lako lenyewe, kwa hiyo vinafuata mkono bila kuchelewa kunakosikika. Lakini havitakupa piano wala tarumbeta halisi. Kama unachotaka ni sauti nene za kielektroniki kwenye wimbo mmoja au miwili, nunua hii. Ni chaguo la heshima kabisa, na sehemu kubwa ya mwongozo huu hutaihitaji.

Pikapu maalumu na sinthesaiza yake. Hapa kila uzi una kihisi chake, na kila uzi husafiri peke yake hadi kwenye mashine. Roland GK-3 hutumia kebo ya pini 13 na huenda kwenye mashine kama Roland GR-55 au Boss SY-1000. Boss GK-5 ni ya mfumo mpya wa kidijitali uitwao Serial GK, na mashine kama Boss GM-800 ndizo zinazoupokea.

Kompyuta. Programu kama MIDI Guitar ya Jam Origin husoma gitaa la kawaida lililochomekwa kwenye kiolesura cha sauti, kifaa kinachoingiza sauti ya gitaa kwenye kompyuta. Fishman TriplePlay ni pikapu ya kila uzi inayotuma midi, yaani maelekezo ya noti badala ya sauti yenyewe, bila waya hadi kwenye kompyuta.

Hatua zinazofuata zimeandikwa kwa njia ya pili. Wa kompyuta, hatua ya 1, 6 na 7 ni zenu pia, kisha kuna sehemu yenu mbele.

## Vitu vya kuandaa

- Gitaa la umeme lenye nyuzi za chuma au nikeli. Pikapu ya sumaku haisikii nailoni hata kidogo, na nyuzi za shaba za gitaa la akustika huzisikia kwa udhaifu. Gitaa la nailoni linahitaji vihisi vya piezo, vinavyosikia mgandamizo badala ya sumaku, chini ya kila uzi.
- Seti mpya ya nyuzi, unene uleule unaoutumia siku zote.
- Pikapu maalumu pamoja na kebo yake halisi.
- Sinthesaiza ya mfumo uleule. GK-3 haichomeki kwenye mashine ya Serial GK, wala GK-5 kwenye mashine ya pini 13, bila kibadilishi katikati. Kibadilishi cha GKC-AD hutoa pini 13 kwenda Serial GK, na GKC-DA hufanya kinyume chake. Soma nyuma ya mashine kabla ya kulipa.
- Tyuna inayoaminika.
- Bisibisi, rula yenye milimita, na kadi ya benki ya zamani. Kadi hizo zina unene wa milimita 0.76, na utaona kazi yake.
- Hedifoni, au spika ya masafa yote. Spika ya amplifaya ya gitaa hukata sauti za juu, kuanzia takriban Hz 5,000 (mitikisiko kwa sekunde) na kuendelea, kwa hiyo piano na fidla zitatoka zimezibwa hata ukipanga kila kitu sawasawa.

## Hatua ya 1: Tengeneza gitaa lenyewe

Badilisha nyuzi. Zivute kwa mkono, tyuni, zivute tena, mpaka zitulie.

Sasa pita kila freti ya kila uzi, polepole, bila amplifaya. Unatafuta mlio wa kukwaruza, ule wa uzi kugonga freti ya mbele yake. Kwenye muziki wa kawaida mlio huo unapotea katikati ya sauti nyingine na hakuna anayejali. Sinthesaiza inajali. Kazi yake ni kupima mtikisiko wa uzi ili ijue ni noti gani, na uzi unaogonga freti hautikisiki kwa mpangilio mmoja. Mashine itabahatisha, na ikibahatisha utaisikia oktavu nzima juu ya noti uliyopiga.

Ukikuta mkwaruzo, pandisha nyuzi kidogo kwenye daraja. Ndiyo, gitaa litakuwa gumu kiasi. Kubali.

Halafu linganisha noti ya freti ya 12 na harmoniki iliyo juu ya freti hiyohiyo, noti inayotoka ukiugusa uzi tu bila kuubonyeza. Zikitofautiana kwenye tyuna, rekebisha tandiko la uzi huo, kipande kinachoubeba kwenye daraja: noti ikiwa juu kuliko harmoniki, rudisha tandiko nyuma, mbali na shingo, ikiwa chini, lisogeze mbele.

Umefaulu ikiwa: kila freti inalia wazi na tyuna haiyumbi noti ikishatulia.

## Hatua ya 2: Funga pikapu

Mahali pake ni kati ya pikapu ya nyuma ya gitaa na daraja, karibu na daraja kadiri nafasi inavyoruhusu. Karibu na daraja uzi huyumba kidogo, kwa hiyo haukaribii kihisi cha jirani yake, na mkono wako hauigongi pikapu unapopiga.

Usitoboe gitaa siku ya kwanza. GK-3 huja na vifaa vya kuifunga bila tundu lolote, na tepu ya pande mbili inatosha kwa majaribio. Tumia gitaa hivyo mpaka uwe na hakika na mahali ulipochagua, ndipo ufikirie skrubu.

Mambo matatu ya kukagua:

Mpangilio. Kila kihisi kikae chini ya uzi wake, katikati. Inama uangalie kutoka juu kabisa, kwa jicho moja, maana ukiangalia kutoka ubavuni utadanganyika.

Mwelekeo. Kihisi cha uzi wa kwanza kikae chini ya uzi mwembamba kabisa. Kama umbo la gitaa lako limekulazimisha kugeuza pikapu, ni sawa, ila ukumbuke kuiambia mashine katika hatua ya 4.

Nafasi. Bonyeza uzi kwenye freti ya mwisho kabisa, ile iliyo karibu na pikapu. Uzi ukiwa umebonyezwa hivyo, kati yake na kihisi kuwe na milimita 1. Hapa ndipo kadi inapofanya kazi: ipitishe kati ya uzi na pikapu. Ikipita na kubaki na ulegevu mdogo sana, uko sawa. Ikikwama, shusha pikapu. Ikipita kwa ulegevu mkubwa, weka kipande cha kuinulia chini yake. Fanya hivyo kwa uzi wa kwanza, kisha wa sita, kisha nyuzi za kati.

Magitaa mengi yana mzingo wa nyuzi, za kati zikiwa juu kuliko za pembeni. Kama haiwezekani kupata milimita 1 kwa zote, weka sawa zile za pembeni na hakikisha hakuna uzi unaogusa pikapu. Tofauti itakayobaki utaisawazisha kwenye usikivu.

Onyo: usiikaribishe pikapu zaidi kwa kudhani itasikia vizuri zaidi. Ikikaribia mno, kila kihisi kitaanza kusikia uzi wa jirani, na uzi ukipigwa kwa nguvu utaigonga.

## Hatua ya 3: Unganisha

Zima sinthesaiza. Pikapu hii hupata umeme kupitia kebo hiyohiyo, kwa hiyo usichomeke wala kuchomoa kebo mashine ikiwa inawaka.

Chomeka kebo ya pini 13 mpaka ishike pande zote mbili. Usiilazimishe. Kama haiingii, izungushe taratibu mpaka pini zipate njia. Kwa Serial GK, plagi inafanana na ya kebo ya kawaida ya gitaa, na hapo ndipo wengi hukosea: kebo ya kawaida haifanyi kazi. Tumia ile iliyotengenezwa kwa mfumo huo.

Kwenye GK-3, unganisha pia tundu la gitaa na pikapu kwa kebo fupi. Bila hiyo, sauti ya kawaida ya gitaa haitafika kwenye mashine, na utajiuliza kwa nini swichi ya kuchagua gitaa inakupa ukimya.

Weka swichi hiyo katikati, ili gitaa na sinthesaiza zisikike pamoja. Fungua nobu ya sauti ya pikapu hadi mwisho. Washa mashine sauti ikiwa chini, halafu panda.

## Hatua ya 4: Itambulishe mashine kwa gitaa lako

Ingia kwenye menyu ya mipangilio ya GK, yaani ya pikapu hii maalumu. Utaulizwa aina ya pikapu, mwelekeo wake, urefu wa uzi kati ya nati ya shingoni na daraja, na umbali kati ya daraja na pikapu.

Urefu wa uzi kwenye magitaa ya mtindo wa Stratocaster ni milimita 648. Ya mtindo wa Les Paul ni mafupi zaidi, takriban milimita 628. Lako pima mwenyewe: kutoka nati hadi katikati ya freti ya 12, zidisha kwa mbili.

Umbali wa daraja hadi pikapu hupimwa kwa kila uzi, kwa sababu matandiko ya daraja hayako mstari mmoja. Pima, andika kwenye karatasi, ndipo uingize. Ni kazi ya dakika chache na huirudii tena labda uhamishe pikapu.

## Hatua ya 5: Usikivu wa kila uzi

Ungeniambia nichague hatua moja tu ya kumsimamia mtu hadi aimalize, ningechagua hii. Mashine huja na usikivu wa kiwandani, wa gitaa la wastani na mkono wa wastani. Wewe si wastani. Kuna anayepiga uzi wa sita kama anaung'oa na wa kwanza kama anaupapasa, na hajui, kwa sababu masikio yamezoea.

Fungua ukurasa wa usikivu. Utaona kipimo kinachopanda kila unapopiga uzi.

1. Anza na uzi wa sita. Upige kwa nguvu ya juu kabisa unayoitumia kwenye muziki wako halisi, kwa piki au vidole unavyovitumia siku zote.
2. Panga usikivu mpaka kipimo kifike karibu na kilele bila kukaa kileleni.
3. Piga uzi huohuo kwa upole kabisa. Kipimo lazima kionyeshe kitu. Kisipoonyesha, pandisha kidogo na urudi kukagua pigo la nguvu.
4. Nenda uzi wa tano, na kuendelea hadi wa kwanza.
5. Sasa piga uzi mmoja tu kwa nguvu na utazame vipimo vya nyuzi nyingine. Vikicheza, shusha usikivu wa uzi unaocheza bila kupigwa. Kama tatizo linabaki kwa jirani mmoja tu, rudi kwenye Hatua ya 2 ya kufunga pikapu: kihisi hakiko katikati ya uzi wake.

Usikivu ukizidi, utapata noti za mizimu, yaani zinazolia bila kupigwa, na kila noti itatoka na nguvu ileile hata ukibembeleza. Ukipungua, noti laini zitamezwa na zinazobaki zitakatika kabla ya wakati.

Jaribio la mwisho, chagua sauti ya piano. Piga noti moja kwenye kila uzi, freti ya 5, kwa nguvu sawa. Piano haifichi kitu. Uzi unaotoka na sauti kubwa au ndogo kuliko wenzake utaonekana mara moja, na utaurekebisha kwa hatua moja moja.

Umefaulu ikiwa: noti sita zinatoka na nguvu zinazolingana, na ukibadilisha nguvu ya mkono, sauti inabadilika nawe.

## Hatua ya 6: Chagua sauti ya kuanzia kwa akili

Ondoka kwenye piano sasa. Anza na sauti ya padi, ile inayoingia polepole na kujaa, au ogani laini.

Sababu iko kwenye fizikia ya uzi. Mashine haiwezi kujua noti mpaka ione uzi ukitikisika angalau mzunguko mzima. Uzi wa kwanza ukiwa wazi hutikisika mara 329.6 kwa sekunde, kwa hiyo mzunguko mmoja huchukua milisekunde 3 hivi. Uzi wa sita hutikisika mara 82.4, na mzunguko mmoja ni milisekunde 12. Ongeza muda wa mashine kuhakikisha na kutoa sauti, na uzi mnene utachelewa kiasi cha mkono kuhisi. Hakuna mpangilio utakaoiondoa tofauti hiyo.

Sauti ya padi inaficha kuchelewa kwa sababu yenyewe huingia taratibu. Piano huanza kwa pigo kali, na sikio linakamata kila milisekunde.

Ukitaka besi, usiishushe kwenye nyuzi nene. Panda juu na uiambie mashine ishushe. Noti ya freti ya 7 kwenye uzi wa nne ni Hz 220, mzunguko wake ni milisekunde 4.5. Shusha oktavu moja na unapata noti ileile ya uzi wa tano ulio wazi, Hz 110, ambao mzunguko wake ungekuwa milisekunde 9. Shusha oktavu mbili na uko kwenye eneo la gitaa la besi, huku mashine ikiwa bado inasoma uzi mwepesi. Mbinu hii pekee imewarudishia watu imani na vifaa vyao.

Kwa sauti ya piano, tafuta mpangilio wa kromatiki, unaozifanya noti ziruke kwa nusu toni kamili. Piano haivutwi kama uzi wa gitaa, na mtetemo mdogo wa kidole ukiingia kwenye sauti yake, sikio linaukataa.

## Hatua ya 7: Safisha mikono

Sasa mashine iko tayari. Inasikia kila kitu, pamoja na yale ambayo amplifaya ilikuwa ikikusamehe.

Kidole kinachoondoka. Angalia kwa karibu kinachotokea unapoinua kidole kutoka freti: ngozi inauvuta uzi kidogo, na uzi wazi unalia kwa sauti ndogo. Kwa gitaa haisikiki. Kwa tarumbeta ya sinthesaiza ni noti kamili. Dawa yake ni kulegeza mgandamizo kwanza, kidole kikiwa bado kimegusa uzi ili uzimike, ndipo uhame.

Nyuzi zisizotumika. Zizimishe. Kiganja cha mkono wa kupiga kikae juu ya nyuzi nene, na vidole vya mkono wa freti viguse nyembamba kwa chini.

Piki. Piga mara moja, kwa uhakika. Piki inayoukwaruza uzi kabla ya kuuachia hutoa kelele fupi ambayo mashine huisoma kuwa noti ya juu.

Kodi. Usizikung'ute kwa mkupuo wa piki mwanzoni. Zichune kwa vidole, nyuzi tatu au nne kwa pamoja, kama mpiga kinanda anavyobonyeza. Kodi ya noti tatu zilizoachana inatoka vizuri kuliko ya nyuzi sita zilizojaa, hata pale mashine inaposoma zote sita bila kosa.

Zoezi ninalolipendekeza kuliko yote: skeli ya C, sauti ya tarumbeta, mapigo 60 kwa dakika, noti moja kwa pigo. Zima kabisa sauti ya gitaa kwenye spika ili usijidanganye. Ikitoka safi mara tatu mfululizo, panda hadi 70.

Umefaulu ikiwa: ukisimamisha mkono, kuna ukimya.

## Hatua ya 8: Rudisha gitaa kwenye mchanganyiko

Fungua tena sauti ya gitaa. Gitaa ndilo linalobeba mwanzo wa noti, sinthesaiza inajaza mwili wake, na kuchelewa kulikokusumbua kunafichika. Anza na padi ikiwa chini ya gitaa, uipandishe mpaka uisikie pale tu inapoondolewa.

Pedali ya sauti kwenye upande wa sinthesaiza ni ya thamani kubwa. Piga kodi pedali ikiwa imefungwa, kisha ifungue. Makosa yote ya mwanzo wa kodi hayatasikika.

## Kwa wanaotumia kompyuta

Anza na bafa ya kiolesura cha sauti, yaani kiasi cha sauti ambacho kompyuta hukusanya kabla ya kuichakata. Sampuli 128 kwa kasi ya 48,000 ni milisekunde 2.7, sampuli 512 ni milisekunde 10.7, na kuna nyingine kama hizo kwenye njia ya kutoka. Anza na 128. Sauti ikikatikakatika, panda hadi 256. Kwenye Windows tumia draiva ya ASIO, programu inayounganisha kiolesura na kompyuta kwa kuchelewa kidogo, ikiwezekana ile ya mtengenezaji wa kiolesura chako.

Kuna dalili mbili ambazo huja kila mara.

Ukivuta uzi mmoja, kodi nzima inapanda nao. Maana yake midi yote inapita kwenye chaneli moja. Washa hali ya mono, ambapo kila uzi una chaneli yake, chaneli sita zinazofuatana, na hakikisha ala uliyoifungua kwenye kompyuta inazipokea zote sita.

Ukivuta uzi kidogo, noti inaruka mbali au inasogea nusu ya ulivyotaka. Upana wa kuvuta noti haulingani pande mbili. Ala nyingi za kompyuta huja zimewekwa nusu toni 2, huku upande wa gitaa ukiwa 12 au 24. Weka namba moja kote.

## Dalili na mahali pa kurudi

Noti zinaruka oktavu: hatua ya 1, tafuta mkwaruzo, au nyuzi zimechakaa. Uzi mmoja umekufa: kagua kebo, kisha usikivu wa uzi huo. Nyuzi zote zimegeuka, mwembamba unatoa sauti ya mnene: mwelekeo wa pikapu kwenye hatua ya 4. Kuna sauti ya gitaa pekee: swichi ya pikapu au nobu yake ya sauti. Kuna noti inayolia bila kukoma: uzima uzi kwa kiganja, ikiendelea, usikivu wa uzi huo umezidi.

Kila ukibadilisha nyuzi, kagua hatua ya 5 haraka kwa kupiga noti sita za piano. Na ukibadilisha unene wa nyuzi, pima upya milimita 1 kwa kadi, upange usikivu wa zote sita, ndipo uhifadhi.